Dentrili Haina Kiswahili

Nainakili hapa habari hii kama ilivyo kwenye daftari langu la miaka ile ya vijiji vya ujamaa, nilipokuwa mkalimani wa mahakama Korogwe. Sijarekebisha kitu, hata hasira nimeiacha.

Jumatano. Kilole, jua bado halijazama.

Mawingu yamekalia milima tangu asubuhi na mvua imegoma kushuka. Joto linanibana, na mimi mwenyewe nimebanwa zaidi. Nimekaa kizingitini, viatu nimevua, na barua ya Karani Mkuu iko mapajani. Nimeisoma mara tatu. Inanitaka nieleze, kabla ya saa nne kesho asubuhi, kwa nini nisiondolewe kazini.

Sijutii.

Naliandika hilo kwanza, ili nikianza kulegea huko mbele liwe limeshakaa kwenye karatasi.

Kesi yenyewe ni ya mashine ya kupukuchua mahindi. Ukishuka Mkata ukaingia ndani, mwendo wa saa mbili kwa miguu, kuna kijiji cha ujamaa ambacho fundi wake anaitwa Mzee Semvua. Ujana wake aliumalizia kwenye karakana ya shamba la mkonge, na alipohamia kijijini alihamia na mikono yake. Akachukua gogo la mvule, akalizungushia bolti zilizokatwa vichwa, akaliweka ndani ya pipa na kulifunga na pedali na mnyororo wa baiskeli. Mmoja anakanyaga, mwingine anatia mahindi kwa juu. Punje zinatoka chini, magunzi yanatoka ubavuni. Akina mama wa kijiji wakaipa jina lao: Tumepumua.

Hilo jina nalielewa kuliko mtu yeyote aliyekuwa mle mahakamani. Mama yangu yuko Makuyuni, na kidole gumba chake cha kulia hakikunjiki tena. Ni mahindi hayo. Miaka yote ile ya kukaa na ungo kati ya magoti, anasukuma punje kwa gumba hadi ngozi inatoka. Mimi na dada zangu tulikuwa tunasukumana ili tusipangiwe kupukuchua, na aliyekuwa anabaki ni yeye.

Vijiji viwili vya jirani viliiona Tumepumua vikaomba za kwao, Mzee Semvua akazitengeneza. Hapo ndipo kampuni ilipopata habari. Ni kampuni inayouza mashine za kupukuchua kutoka nje, ina ofisi Tanga, na ina hataza, yaani hati ya serikali inayosema kitu hiki nimekibuni mimi na mwingine asikitengeneze bila ruhusa yangu. Ikamshitaki mzee. Inataka mashine zote tatu zivunjwe na mzee asiguse tena kazi hiyo. Wakati wanasubiri kesi, mahindi ya shamba la pamoja yamelala ghalani kwenye magunzi yake, na fukusi hawasubiri kesi ya mtu.

Jaji amekuja kusikiliza hapa hapa Korogwe kwa sababu alitaka kuiona mashine kwa macho yake. Ililetwa kwa lori, ikasimamishwa nje chini ya paa la baraza la mahakama, imefungwa kamba na karatasi yenye muhuri. Waliopita waliishangaa.

Sasa nije kwenye aibu yangu.

Hataza ina sehemu mbili zinazonihusu. Kuna maelezo, ambamo mbunifu anasimulia kitu chake kilivyo na kinavyofanya kazi. Halafu mwishoni kuna madai, sentensi chache zenye namba, ambazo ndizo mpaka wa shamba lake. Ukiwa ndani ya madai umemwingilia. Ukiwa nje, huna kesi. Dai la kwanza la kampuni linasema, kwa Kiingereza kizito, kwamba wao wana haki juu ya mashine yoyote ya kupukuchua mahindi yenye "dentrili" inayozunguka ndani ya pipa.

Jana, Jumanne, Mzee Semvua alipanda kizimbani kujitetea. Hana wakili. Alivaa koti la kaki lililopigwa pasi hadi mikunjo inasimama. Wakili wa kampuni, kijana wa mjini mwenye sauti nzuri na anayejua kuwa ni nzuri, alimwuliza kwa Kiingereza kama mashine yake ina dentrili. Swali likaja kwangu.

Sikulijua neno hilo. Sikuwahi kulisikia popote nje ya madai yale. Na mimi ni mwanamke pekee niliyewahi kusimama pale kama mkalimani. Miaka minane nimesimama, na wapo waliokuwa wanangoja nikwame tangu siku ya kwanza. Wakili alikuwa ananitazama, Karani Mkuu ananitazama, Jaji ameshika kalamu. Kiburi kikanipanda. Nikakumbuka kwamba madai yanazungumzia kitu kinachozunguka na kupukuchua, nikajiambia basi ni meno tu, nikamgeukia mzee.

"Mzee, mashine yako ina meno ya kupukuchulia?"

"Inayo, mwanangu. Bila meno itapukuchua kwa nini, kwa dua?"

Watu wakacheka. Hata mimi nilicheka. Nikatafsiri kwa Kiingereza kwamba shahidi amekubali, mashine yake ina dentrili. Wakili akasema hana swali jingine, akakaa chini kama mtu aliyeshiba. Mzee akatoka kizimbani akiwa na furaha, akidhani amejibu vizuri.

Alikuwa amejibu vizuri. Mimi ndiye niliyeharibu.

Nilirudi mezani kwangu nikatoa daftari langu la maneno. Ninalo tangu nianze kazi. Kushoto naandika Kiingereza, kulia Kiswahili, na maneno mengine ya sheria nimeyahangaikia mwezi mzima kabla sijayapatia mwenzake. Nikaandika kushoto "dentrili" na kulia "meno ya kupukuchulia", nikapiga mstari chini kwa rula. Nilijipongeza kabisa.

Mchana ule ule Karani Mkuu akaniletea maelezo ya hataza nikayaweke kwa Kiswahili kwa ajili ya jalada. Kwenye ukurasa wa nne nikaweka kalamu chini. Mbunifu anasema wazi kwamba kwa kuwa kitu chake hakina jina, amekipa jina dentrili. Kisha anakieleza: ni ngoma ya chuma yenye meno yaliyokalia springi, kila jino likiingia na kutoka lenyewe kufuata unene wa hindi. Na chini yake anajisifu. Anasema mashine za zamani zenye meno yasiyosogea zinavunja punje, na dentrili haina ubaya huo kwa sababu si kama hizo.

Si kama hizo! Meno yasiyosogea ndiyo aliyonayo Mzee Semvua. Bolti zimepigiliwa kwenye mvule, hata ukitumia nyundo hazisogei.

Nikafungua kamusi zote tatu za kabati la mahakama. Dentrili haimo. Haimo kwenye Kiingereza chenyewe, seuze Kiswahili. Kumbe sikukwama jana kwa ujinga wangu. Hakuna mtu duniani aliyekuwa analijua neno lile isipokuwa aliyelitunga, na maana yake yote ilikuwa kwenye ukurasa huo wa nne. Mimi nikalichukua neno tupu, nikalijaza kitu cha kichwani mwangu, nikamlisha mzee wa watu.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Karani Mkuu. Si mtu mbaya, nausema ukweli huo hata leo. Ni mtu wa utaratibu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akaifuta.

"Mama, mkalimani ni bomba. Maji yanaingia huku yanatokea huku. Umewahi kuona bomba linasimama mahakamani linatoa maoni?"

Nikamwambia bomba limetia uchafu kwenye maji.

"Basi nyamaza, yatajichuja yenyewe kwenye rufaa. Ukisema kesho umekosea, watauliza miaka minane umekosea mangapi. Kila aliyefungwa kupitia mdomo wako atataka kesi yake ifunguliwe. Umelifikiria hilo?"

Nilikuwa sijalifikiria. Nililifikiria njiani hadi nyumbani, na nimelala nalo. Nisijifanye shujaa: niliogopa. Mshahara huu ndio unaowalisha watu watano, na kazi nyingine ya kuvaa viatu sijui kama ningeipata Korogwe hii. Lakini kila nikifumba macho namwona mzee anashuka kizimbani na furaha yake.

Leo asubuhi nilimkuta kwenye benchi la nje, karibu na mashine yake, anakula kiazi cha kuchemsha.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Jana tuliwaweza, au siyo?"

Nikaingia ndani.

Jaji alipokaa tu, kabla wakili hajafungua mdomo, nilisimama. Nikasema kwa Kiingereza kwamba mkalimani anaomba kusahihisha kumbukumbu za mahakama: jana nilimwuliza shahidi swali ambalo wakili hakuuliza. Neno lililotumika halimo katika kamusi yoyote, nami nikalipa Kiswahili cha kubuni badala ya kusema sijui. Shahidi alikubali kuwa mashine yake ina meno. Hakuwahi kuulizwa kuhusu dentrili.



Wakili aliruka kama kakanyaga moto. Akasema mkalimani amegeuka shahidi, amegeuka wakili, amejichagulia upande. Akasema shahidi amekwisha kukiri na kukiri hakufutwi. Tena, akasema, kama neno ni jipya, basi anayejua maana yake ni mwenye nalo, na mtaalamu wa kampuni amekwisha kuapa kwa maandishi, kwenye hati iliyomo jaladani, kwamba dentrili ni kitu chochote cha kupukuchulia chenye meno.

Nilikuwa natakiwa kuyatafsiri hayo kwa Mzee Semvua, na niliyatafsiri yote, hata lile la kwamba nimejichagulia upande. Sikupunguza hata chembe. Mzee akageuka kunitazama. Nadhani ndipo alipoelewa lililompata jana.

Jaji ni mtu wa sauti ndogo. Aliniuliza swali moja tu: nilipokula kiapo cha ukalimani niliapa nini? Nikamjibu kwamba niliapa kufasiri kwa ukweli kila kitakachosemwa. Akaandika. Kisha akaagiza ukurasa wa nne usomwe kwa sauti, Kiingereza kwanza, halafu Kiswahili. Safari hii nilipofika kwenye neno lile nikalisema lilivyo. Dentrili.

Mzee akarudishwa kizimbani. Jaji akamwuliza mwenyewe: je, meno ya mashine yako yamekalia springi, yanaingia na kutoka kufuata unene wa hindi?

"Hapana, Mheshimiwa. Ningezitoa wapi springi? Haya yangu yamekufa pale pale. Hindi nene likija, pale kwenye mdomo pana upana wa kutosha, linajipitia."

"Na punje, zinavunjika?"

"Zinavunjika kidogo," akasema mzee bila kuzunguka. "Zile zilizovunjika tunawapa kuku."

Nikaona wakili anafumba macho. Hati yake mwenyewe ilisema dentrili haivunji punje.

Hakukata tamaa, lazima nimpe haki yake. Akasema mashine ya mzee ina vipande vya mpira wa gari kwenye mdomo wa pipa, na mpira unalegea na kurudi, kwa hiyo unafanya kazi ya springi. Hapo niliingiwa na wasiwasi, maana mpira upo kweli. Jaji akafunga kitabu chake, akasema twende nje.

Basi tukatoka wote, Jaji na joho lake, wakili, makarani, mahabusu wawili na askari wao waliokuwa wanangoja kesi nyingine. Muhuri ukakatwa. Mzee Semvua akapanda kwenye pedali, akaanza kukanyaga taratibu, na Jaji akatia mahindi kwa mkono wake mwenyewe. Mashine ikanguruma. Punje zikamwagika kwenye gunia, moja ikamgonga askari. Jaji akainama akatazama ndani, akamwomba mzee asimame, akaingiza kidole akasukuma bolti moja baada ya nyingine. Haikusogea hata moja. Akaushika ule mpira.

"Huu ni wa nini?"

"Pazia, Mheshimiwa. Bila huo mahindi yanaruka hadi jikoni."

Niliyatafsiri hayo mbele ya wakili kwa utulivu wote niliokuwa nao. Haukuwa mwingi.

Mchana Jaji alirudi na uamuzi juu ya neno. Hukumu yenyewe ataiandika baadaye, lakini alisema kesi yote imesimama juu ya neno hilo, kwa hiyo alitaka tujue analisoma vipi. Nilitafsiri sentensi kwa sentensi, na nazikumbuka karibu zote.

Alisema neno la kawaida katika madai hupewa maana ya kawaida, ile ambayo fundi wa kazi hiyo angeielewa. Neno la kubuni halina maana ya kawaida. Aliyelibuni alikuwa huru kulipa maana anayoitaka, na hakuna aliyemlazimisha kulibuni. Lakini akishalijaza kwenye maelezo yake, limejaa. Hawezi kupewa hataza kwa maana nyembamba kisha aje mahakamani na maana nene. Mtaalamu wake hawezi kuipanua, wakili wake hawezi, "wala mkalimani, hata akiwa na nia njema, hana uwezo wa kulipa neno hilo maana ambayo halikuzaliwa nayo."

Hiyo ya mwisho ilinihusu mimi. Nikaitafsiri kwa sauti ile ile, wima, mbele ya watu wote. Nilistahili.

Kwa hiyo dentrili, kwa kesi hii, ni ngoma yenye meno yaliyokalia springi na si kingine. Mpira wa pazia si springi ya jino. Akaamuru muhuri usirudishwe na mashine irudi kijijini leo hii, mahindi yakapukuchuliwe wakati hukumu inaandikwa. Wakili alikusanya karatasi zake bila kumtazama mtu. Kila mtu mle ndani alijua hukumu itasemaje.

Nilimsindikiza Mzee Semvua hadi kwenye lori. Nikamwomba radhi kwa kosa la jana. Nilitaka kueleza mengi, akanikata.

"Umesema mbele za watu, yamekwisha. Ila niambie, maana nikifika watanizonga akina mama. Hiyo dentrili kwa Kiswahili tuiiteje?"

"Tusiiite, mzee. Ni neno lao, tuwaachie. Sisi tunayo Tumepumua."

Alicheka hadi akashika ubavu wa lori. Kisha akachota punje kwenye gunia la majaribio, akanijaza viganja viwili, akasema nikampelekee mama. Nilikuwa nimemtajia kidole cha mama.

Niliporudi mezani nikakuta barua. Karani Mkuu hakuniletea mwenyewe, ameiweka chini ya kidau cha wino. Nimesema mahakamani bila ruhusa ya mkuu wangu. Nimeitia ofisi aibu mbele ya Jaji mgeni. Nikiri kwa maandishi kwamba nilivuka mpaka wa kazi yangu na kuahidi kutorudia, au nieleze kwa nini nisiondolewe.

Nakiri moja. Jumanne nilijifanya najua nisichokijua, kwa sababu ya kuogopa kuchekwa, na nusura kijiji kizima kirudi kupukuchua kwa vidole vya wake zake. Hilo nitaliandika kwa mkono wangu na kutia sahihi, na kama kuna adhabu ya hilo nitaipokea. Kama kuna mtu mwingine niliyemfanyia hivyo miaka hii minane, naye aje, majalada yafunguliwe. Nitakaa nayafungua pamoja naye.

Lakini la leo sikiri. Leo nilifanya kile nilichoapa kufanya. Akitaka bomba, akamwite fundi wa maji.

Jua linazama sasa na ile mvua imeanza kudondoka, matone makubwa yanatoboa vumbi la uani. Punje za mzee ziko kwenye bakuli. Jumapili nakwenda Makuyuni, niwe na kazi au nisiwe nayo, na nitamwambia mama habari ya Tumepumua.

Nimefungua daftari la maneno kwenye ukurasa wa jana. Nimefuta "meno ya kupukuchulia" kwa mistari miwili, nikaacha isomeke chini yake ili nisisahau. Kushoto dentrili imebaki peke yake. Kulia hakuna kitu.

Kesho saa nne sitapeleka barua ya kuomba radhi. Nitapeleka daftari hili la maneno, nitalifungua mezani kwa Karani Mkuu, nitamkabidhi kalamu, na nitamwomba ajaze yeye huo upande wa kulia. Akiweza, nitaondoka mwenyewe.